Maria Namelok Lesikar, Mwenye Nyumba Aliyefungiwa Nje

(1944–2025)

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 3 Aprili 1944 katika kitongoji cha Endupoto, magharibi mwa Mlima Meru. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe ukubwani. Karani wa vitambulisho alimuuliza alizaliwa lini, naye akamweleza alichoambiwa na mama yake: masika yalikuwa yameanza, na mfereji ulikuwa umefurika hadi migomba ya jirani ikalala chini. Karani akasema hiyo si tarehe. Mama akamjibu, "Basi andika tatu Aprili, mwanangu, uwahi nyumbani." Familia imeona ilitaje hili mapema kwa sababu leo tuna wageni wengi wa ofisi, na baadhi yao wanapenda tarehe kuliko wanavyopenda watu.

Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la nne. Alibatizwa tarehe 25 Desemba 1956 na kupewa jina la Maria, ingawa nyumbani aliendelea kuwa Namelok, na kwetu wajukuu alikuwa Koko, yaani bibi. Mwaka 1957 alitolewa shule akachunge ng'ombe. Mwalimu wake alipanda mlima kuja kumwombea. Baba yake alimsikiliza mwalimu kwa adabu, akampa maziwa, akamsindikiza hadi barabarani, na kesho yake Namelok akaenda machungani. Hata hivyo kusoma hakukusahau. Alisoma Biblia yake mara nyingi kupita wachungaji kadhaa tuliowahi kuwa nao, na uzeeni alikuwa na tabia ya kusoma mabango ya miradi kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kisha akatazama huku na huku kuutafuta mradi wenyewe.

Kazi yake kwa zaidi ya nusu ya maisha yake ilikuwa maziwa. Alikama alfajiri, akajitwika vibuyu, akashuka kwa miguu hadi Sekei na mjini katikati, na kurudi na sukari na chumvi. Wateja wake wengi walikufa au walihama. Aliyebaki ni Mama Shaheen, ambaye yupo nasi leo, na ambaye familia yake ilikuwa na duka la vitambaa karibu na soko kuu. Siku ya kwanza walipokutana, Mama Shaheen alikuwa bibi harusi mgeni mjini, na alipoonja maziwa ya kibuyu yenye harufu ya mkaa wa mti wa mzeituni tunaosafishia vibuyu aliyatema palepale mlangoni. Namelok hakukasirika. Alimwambia, "Utayazoea. Mimi nimezoea mume." Urafiki wao ulianzia hapo na haujawahi kukatika.

Mume huyo alikuwa Mzee Thomasi Lesikar, waliyefunga naye ndoa takatifu tarehe 12 Januari 1963. Hapa lazima tueleze jambo moja kwa ajili ya wageni, maana kutolielewa kwao ndiko kulikotufikisha tulipo. Kwetu, mwanaume ana boma, mwanamke ana nyumba. Miti ya nguzo aliikata Thomasi, ndiyo, lakini fito alizifunga Namelok, udongo na samadi aliukanda Namelok, nyasi aliezeka Namelok na wanawake wenzake, na kati ya hao aliyebaki hai ni Mama Silantoi. Nyumba ikiisha, ni ya mke. Mume akitaka kuingia anabisha hodi, na asipojibiwa anakwenda kulala kwa jirani. Thomasi alilala kwa jirani mara chache tu katika ndoa yao, nasi tunamheshimu kwa hilo. Alifariki mwaka 1998.

Watu walipoanza kuezeka bati kila upande, Namelok alikataa. Si kwamba alikuwa analinda urithi. Neno hilo wakati ule lilimaanisha ng'ombe wa baba yako. Alisema tu kwamba mvua ikipiga bati hutasikia ng'ombe akizaa. Kila mwaka alikanda udongo akaziba nyufa, akabadilisha nyasi zilizooza, akawasha moto wake jioni, mbuzi wakalala upande wao naye upande wake. Nyumba ikadumu. Miaka sitini hivi nyumba ya nyasi iliishi bila senti ya serikali, bila mtaalamu, bila semina. Halafu ikapata ufadhili.

Mwaka 2022 ulifika mradi wa kuhifadhi urithi wa jamii za mikoani, kwa fedha zilizotengwa na serikali. Jambo lenyewe ni jema, na Koko mwenyewe alilisema kanisani kwamba ni jema. Fedha zilitoka zilikotoka zikiwa na nia nzuri. Tatizo lilikuwa safari. Kabla ya kupanda mlima zilipita hoteli moja mjini, zikakaa huko kwenye warsha ya siku kadhaa, zikala nyama choma, zikavaa fulana na kofia, zikapiga picha ya pamoja. Zilipofika Endupoto zilikuwa zimechoka, na zilichoweza kufanya kwa haraka ni kusimamisha bango. Bango hilo mnaliona pale. Ni refu kuliko nyumba.

Mratibu wa mradi, ambaye yupo mstari wa mbele na ambaye jina lake hatulitaji kwa heshima ya mama aliyemzaa, aliuliza swali moja tu alipofika: "Mzee wa boma hili nani?" Akaonyeshwa Mzee Yiamat, mdogo wake marehemu Thomasi. Mzee Yiamat akapigiwa makofi, akapewa fulana, akatia sahihi. Namelok alikuwa hatua chache kutoka hapo, anafua. Hakuna aliyemgeukia. Kijana aliyesoma utamaduni hadi chuo kikuu alikuja kuhifadhi utamaduni wetu, na la kwanza kulikosea ni lile ambalo mtoto wa miaka mitano hapa kwetu analijua.

Jioni Namelok alimuuliza shemeji yake, "Yiamat, wewe mikono yako imewahi kukanda mavi ya ng'ombe ya ukuta huu?"

"Shemeji, wamesema ni heshima kwa ukoo."

"Nimekuuliza mavi, hunijibu heshima."

Mzee Yiamat yupo hapa. Fulana anayo bado, na leo hakuivaa. Tunamshukuru.

Koko aliambiwa atoke kwa muda mfupi, nyumba ikarabatiwe. Akaenda kwa mwanawe Oscar, Sombetini. Aliporudi, tena baada ya kuulizia mno, alikuta mambo ambayo mtu huyasema kwa methali tu: ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mkandarasi aliyeshinda zabuni alikuwa amezungusha uzio wa chuma. Alikuwa amezipaka kuta rangi ya mafuta ya kahawia ili zifanane na udongo, kuta ambazo zilikuwa za udongo. Alikuwa ameng'oa nyasi zote na kuezeka nyasi za plastiki, zile za baa za hoteli za kitalii. Na kwa kuwa plastiki inashika moto, alikuwa amebandika tangazo mlangoni: ni marufuku kuwasha moto ndani ya nyumba. Mbuzi nao waliondolewa kwa sababu wanachafua. Mahali pao aliwekwa mbuzi mmoja wa saruji.

Na kwenye kigoda chake, kando ya mafiga yaliyozimwa, alikuta sanamu ya bibi wa Kiarusha. Ilikuwa imevalishwa shuka lake la bluu, lile la kanisani, alilokuwa ameliacha limetundikwa.

Tulidhani atalia. Aliitazama sanamu, akasema, "Huyu ana bahati. Haombwi chai." Kisha akaagizwa na mlinzi atoke, maana hakuwa na tiketi.

Oscar alimjengea chumba cha tofali nje ya uzio. Humo alilala, mita chache kutoka mlangoni kwake, akitazama watalii wachache na wanafunzi wengi wakiingia kumsalimia mtu wa saruji. Watoto wetu wana adabu, waliiambia sanamu shikamoo. Mama Shaheen alipanda siku moja kumtembelea rafiki yake, na mlinzi akamdai kiingilio ili akae anapokaa siku zote. Wale akina mama wawili wakaweka viti vyao chini ya bango, wakanywa chai kivulini mwake. Hiyo ndiyo faida pekee ambayo bango lile limewahi kuleta.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi tarehe 17 Juni 2023. Alialikwa Mgeni Rasmi kutoka mbali. Wananchi walikalishwa juani tangu asubuhi, wakachezeshwa ngoma mara tatu kwa kuwa Mgeni Rasmi alichelewa. Walinzi wakiwa wanahangaika na viti na maturubai, Koko na Mama Silantoi waliingia ndani. Sanamu ile kumbe ndani ilikuwa tupu, nyepesi kama ahadi. Wakaisukumia upande wa mbuzi. Namelok akaivua shuka lake, akajifunga, akaketi kwenye kigoda chake gizani, akatulia.

Mgeni Rasmi aliingia ameinama, Mratibu nyuma yake akieleza. "Mheshimiwa, hii ni sanamu ya mwanamke wa kale wa Kiarusha. Imetengenezwa na wataalamu wetu kwa kuzingatia uhalisia."

Mgeni Rasmi akasogea. Akamgusa Koko shavuni kwa kidole. "Wamejitahidi sana," akasema. "Hata mikunjo ya ngozi wameiweka."

"Kwenu hakuna wazee?" Koko akamuuliza. "Mtu unamshika uso bila hata shikamoo?"

Waliokuwa nje walisikia kwanza kichwa kikigonga boriti. Halafu wakasikia sauti ndogo sana kwa cheo chake ikisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na kichwa. Sasa tokeni, sijawakaribisha."

Walitoka. Watu walicheka hadi wapiga ngoma wakaangusha fimbo zao. Ila hotuba ilisomwa vilevile kama ilivyoandikwa, maana watu hawa hata mlima ukiwaangukia watamaliza ukurasa. Mgeni Rasmi aliishukuru serikali kwa kutenga fedha, akaishukuru ofisi kwa kuzipokea, akaishukuru jamii kwa kushirikishwa. Mwenye nyumba hakutajwa. Usiku ule Koko alilala kwake, nasi tukaamini mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Jumatatu yake lilikuja kufuli jipya, kubwa, la lango la uzio, na ufunguo ukapelekwa mjini kwa usalama wa urithi. Tuliambiwa mali ile sasa ni ya serikali na atakayeligusa kufuli atashitakiwa. Oscar ana watoto wanaosoma. Aliogopa, na hatumlaumu, kwani walimtisha wakiwa na mihuri.

Tangu hapo mama huyu alikuwa na ombi moja tu duniani, kurudi kulala kwake. Hakudai fidia. Alivaa vizuri, akashuka mjini na binti yake Joyce anayefanya biashara ya mboga Tengeru, wakakaa kwenye benchi la ofisi ya mradi hadi mchana. Mratibu alipotokea alimwamkia, hilo tumkubalie, alikuwa amejifunza.

"Bibi," akamwambia, "ile nyumba kwa sasa siyo yako peke yako. Ni ya taifa zima."

"Sawa. Taifa likija, litalala wapi? Kitanda ni kimoja."

"Andika barua, bibi. Tutaipitia kwenye kikao."

"Barua ya kuomba niingie kwangu?"

"Ndiyo utaratibu."

Aliwatazama wote mle ofisini, mmoja mmoja. Joyce anasema hakuwa na hasira. Aliwatazama jinsi unavyotazama maziwa yaliyoharibika, ukiwa unajua kuwa kosa si la ng'ombe. "Nyinyi mngekuwa wangu," akasema, "ningewarudisha machungani." Akaondoka, na barua hakuiandika.

Mwezi Oktoba 2024 alianza kuvimba miguu na kupumua kwa shida. Hospitali ilisema ni moyo, umekuwa mkubwa. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena baada ya Pasaka. Oscar alimhamishia Sombetini awe karibu na daktari. Wauguzi na madaktari waliomhudumia tunawashukuru kwa moyo wote, na mkwewe aliyemwogesha kila siku Mungu amlipe. Katika ugonjwa wake Koko hakulalamikia maumivu. Alisema, "Nipelekeni nyumbani." Tukimwambia, Koko, hapa ni nyumbani kwa mwanao, alijibu, "Hapa ni kwa Oscar. Nipelekeni kwangu."

Juni mwaka huu Oscar alimpigia simu Mratibu. Alimweleza kwamba mama anakufa, na anaomba afie ndani ya nyumba yake. Hakuna lingine. Mratibu alisikitika sana. Alisema yuko nje ya mkoa, kwenye semina. Oscar akauliza semina ya nini. Ilikuwa semina ya ushirikishwaji wa jamii katika uhifadhi. Ufunguo, alisema, upo kwenye droo, na droo inafunguliwa na yeye, na akirudi atalipeleka suala kwenye kikao. "Naomba mtuvumilie," alisema. Oscar alirudi chumbani, akamwambia mama yake, "Mama, tunavumiliwa," badala ya kusema tumeombwa tuvumilie. Ulimi ulimteleza kwa uchungu, lakini Koko alicheka, na ndiyo mara ya mwisho tulipomsikia akicheka.

Maria Namelok Lesikar alifariki Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa nne asubuhi, Sombetini, kwenye nyumba ya watu. Ndivyo angesema mwenyewe, na Oscar ametuomba tusilipambe.

Aya zinazofuata, na maneno ya hapo juu kuhusu waliopo leo, hazimo kwenye ratiba mliyoishika mikononi. Ilikwisha kuchapishwa. Zimeandikwa leo asubuhi kwa kalamu.

Mwili uliwasili saa tatu. Wanaume wa ukoo waliteremsha jeneza, wakalisogeza hadi kwenye uzio, wakasimama. Wakaanza kushauriana. Mmoja akasema tungoje ofisi. Mwingine akasema ibada inaweza kufanyika hapahapa nje, Mungu yupo kila mahali. Mama Silantoi alikuwa amekaa. Aliinuka, akawapita wote na fimbo yake, akamwambia fundi wa gereji anayefanya kazi na Oscar, "Wewe, leta ule mkasi wako wa kukatia chuma." Kufuli halikuchukua muda.

Lakini mlango wa nyumba yetu ni mwembamba na una kona, umejengwa hivyo ili chui na upepo visipite. Jeneza halikuingia. Wanaume wakaanza tena kushauriana. Mama Silantoi akaweka viganja vyake viwili ukutani, juu ya rangi ya mafuta, akabonyeza hadi rangi ikapasuka na udongo ukaonekana. Ukuta huu aliufinyanga na marehemu wakiwa wasichana. Akachomoa donge la kwanza. Joyce akaingia, mkwe akaingia, wanawake wote wa Endupoto wakaingia, kwa kucha na majembe, hadi ukuta ukafunguka upana wa mtu aliyelala. Mbuzi wa saruji alitolewa kwa uwazi huohuo. Namelok akaingizwa kwake, akalazwa pembeni ya mafiga yake. Amekaa humo hadi tulipokuja kumtoa kwa ibada hii.

Bwana Mratibu aliwasili akiwa na shada la maua lenye nembo ya mradi. Alipouona ukuta alisahau kutoa pole. Aliuliza, mbele ya wafiwa, nani ametoa kibali cha kubomoa urithi wa taifa.

Mama Silantoi alikuwa ananawa mikono. "Mwenye nyumba," akasema. "Yumo ndani. Nenda kamuulize."

Hakwenda. Amekaa pale mbele, shada analo mapajani, na tunamkaribisha chakula baadaye, kwa kuwa sisi tulilelewa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Oscar na Joyce, mkwe mmoja, shemeji mmoja, wajukuu tisa na vitukuu. Ameacha rafiki zake, Mama Silantoi na Mama Shaheen, ambao hawatapata mwingine. Nyumba ameiacha kwa mjukuu wake Simaloi, kwa kinywa chake, mbele ya mchungaji, akiwa na akili timamu. Simaloi ndiye anayewasomea wasifu huu. Nyasi za plastiki zitashushwa leo, na udongo wa kuziba ukuta wanawake wameshaukanda. Jioni, wageni mkishaondoka, atawasha moto, na atalala kwake.

Bwana ampokee mama yetu Maria Namelok, ampe mahali pa kupumzika ambapo hatatolewa tena.